Albamu za Nirvana: ni ngapi hasa, na kwa nini kila moja ina sauti yake

Ukiandika jina la Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, kwenye programu yoyote ya kusikilizia muziki utaletewa rundo la albamu. Jalada la mtoto mchanga aliye ndani ya maji litatokea zaidi ya mara moja, mara likiwa na nyimbo 12, mara likiwa na nyimbo za kukusikilizisha hadi jioni. Kando yake kuna albamu za jukwaani, mikusanyiko, rekodi za majaribio, na hata albamu za kikundi cha miaka ya 1960 chenye jina hilohilo. Kijana aliyejinunulia mtumbani fulana nyeusi yenye uso wa njano na macho ya X akitaka kujua hiyo fulana inahusu nini, anapotea hapohapo mlangoni. Akiwauliza mashabiki wa siku nyingi anazidi kupotea. Mmoja atamwambia albamu ni tatu, mwingine tano. Mmoja atasema Nevermind ndiyo Nirvana yenyewe, mwingine atasema hiyo ni kazi ya kampuni na Nirvana wa kweli wako kwenye Bleach. Wa tatu atamnong'oneza kwamba In Utero ni barua ya kuaga ya mtu aliyekwisha kuamua kujiua.

Mimi ni shabiki wa bendi hii na nina msimamo wangu, nautaja mapema ili msomaji ajue anapelekwa wapi. Mtunzi mkuu wa Nirvana alikuwa mmoja, mwimbaji na mpiga gitaa Kurt Cobain, na tangu albamu ya kwanza hadi ya mwisho hakubadilika kiasi hicho tunachodhani. Kilichobadilika ni aliyekaa kwenye mitambo, aliyepiga dramu, na pesa iliyokuwepo mezani. Sehemu kubwa ya ugomvi kuhusu albamu hizi ni ugomvi wa mitambo ambao watu wameugeuza kuwa ugomvi wa roho ya Kurt Cobain.

Tuweke maneno sawa kwanza. Albamu ya studio ni nyimbo ambazo bendi imeingia studio kuzirekodi kwa nia ya kuzitoa pamoja kama kazi moja mpya. Kwa kipimo hicho Nirvana wana tatu, basi: Bleach ya 1989, Nevermind ya 1991 na In Utero ya 1993. Albamu ya mkusanyiko huokota rekodi za nyakati mbalimbali na kuziweka pamoja. Incesticide ya Desemba 1992 ni ya aina hiyo. Albamu ya jukwaani hurekodiwa mbele ya watu, na maarufu zaidi ni MTV Unplugged in New York, iliyotoka 1994. Kisha yapo matoleo ya maadhimisho: albamu ileile, baada ya miaka 20 au 30, inasafishwa sauti, inaongezewa rekodi za majaribio na za matamasha, inarudi sokoni. Hayo ndiyo yanayojaza skrini yako. Si albamu mpya, ingawa ndani ya baadhi yake kuna ushahidi mzuri kuliko maneno ya mashabiki wote, na nitaurudia.

Wale Nirvana wengine, wenye nyimbo laini, walikuwa kikundi cha London cha Patrick Campbell-Lyons wa Ireland na Alex Spyropoulos wa Ugiriki. Walidai jina lao mahakamani, suala likamalizwa nje ya mahakama, na kila upande ukaendelea kulitumia. Ule uso wa njano nao si jalada la albamu yoyote. Ni mchoro wa matangazo uliojitokeza 1991. Na mtoto wa kwenye jalada la Nevermind, Spencer Elden, ndiye aliyerudisha bendi kwenye habari 2021 alipofungua kesi kupinga matumizi ya picha yake akiwa uchi. Mahakama iliitupa 2022, mahakama ya rufaa ikairudisha 2023, na 2025 jaji akaitupa tena. Kesi hiyo ni ya jalada tu, muziki haumo.

Sasa granji. Ni jina waliloitwa kwa pamoja wanaroki wa Seattle na miji ya jirani, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980: magitaa yenye mkwaruzo mzito, mwendo wa taratibu, mavazi ya kila siku badala ya nywele zilizopuliziwa dawa na suruali za ngozi walizovaa wanaroki wa Los Angeles. Kampuni ndogo ya Sub Pop, ya Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, ndiyo iliyoutangaza muziki huo duniani. Wengi wanadhani granji ni sauti moja. Wasikilize Soundgarden na Alice in Chains, utakuta wako karibu na hevi meto. Pearl Jam wanatokana na roki ya miaka ya 1970. Mudhoney ni panki, roki ya haraka isiyo na mapambo. Nirvana hawakuwa hata watu wa Seattle: Cobain na mpiga besi Krist Novoselic walianzisha bendi 1987 huko Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo, na Cobain aliwapenda The Beatles kama alivyowapenda mapanki. Ukilisahau hilo la The Beatles hutaielewa albamu hata moja kati ya hizi.

Kabla ya kuzichambua, kuna kazi mbili za studio ambazo watu huzichanganya. Kurekodi ni kunasa: maikrofoni ziwekwe wapi, chumba kiwe cha namna gani, mwimbaji arudie mara ngapi. Kumiksi ni kupanga vilivyonaswa: sauti ya mwimbaji ipande kiasi gani, dramu zisikike karibu au mbali, gitaa lilainishwe au liachwe likwaruze. Mara nyingi wanaozifanya ni watu wawili tofauti. Mchukue mtu mmoja akapigwe picha tatu: ya pasipoti, haraka haraka, kwa pesa ya mfukoni, ya studio, kwenye taa na pazia, iliyosafishwa madoa usoni, na ya mchana kweupe, jua la saa sita, bila poda. Sura ni ileile. Ndizo Bleach, Nevermind na In Utero.

Bleach ilirekodiwa Desemba 1988 na Januari 1989 katika studio ya Reciprocal Recording mjini Seattle, fundi akiwa Jack Endino. Bili yote ilikuwa dola 606 na senti 17. Bendi haikuwa nazo. Alizitoa Jason Everman, ambaye kwa shukrani aliandikwa kama mpiga gitaa na picha yake ikawekwa kwenye jalada, ingawa katika albamu nzima hakupiga hata noti moja. Kwenye dramu alikuwepo Chad Channing, isipokuwa nyimbo chache zilizobaki kutoka kikao cha awali alichopiga Dale Crover wa bendi ya Melvins. Kwa pesa hiyo hupati muda wa kujaribu hiki na kile. Unaingia, unapiga, unatoka.

Wanaosema Bleach ndiyo Nirvana halisi wanasahau jambo ambalo Cobain mwenyewe alilikiri baadaye: alijibana. Sub Pop walikuwa na sauti yao waliyoiuza, nzito na chafu, na alitunga ili aingie humo, nyimbo zake tamu akizificha. Moja tu ilipenya, About a Girl. Iko ya tatu, katikati ya makelele, ikiwa na kiitikio ambacho John Lennon wa The Beatles angekipokea kwa mikono miwili. Ukitaka kumwona mtunzi aliyejificha ndani ya Bleach, ni pale.

Kwa masikio yangu, nusu ya kwanza ya albamu hii ni imara: Blew, School yenye maneno machache mno yanayorudiwa hadi yanauma, na Love Buzz, wimbo wa Waholanzi Shocking Blue ambao Nirvana waliufanya wao. Nusu ya pili inachosha. Magitaa yanaburuza, nyimbo zinafanana, na ukiziondoa Negative Creep na nyingine moja mbili hupotezi kitu. Ningependa kuipenda zaidi ya hapo, lakini siwezi kuisifu kwa sababu tu iligharimu kidogo.

Nevermind ndiyo inayozua ugomvi mkubwa. Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba kampuni kubwa ilipanga kuitumia kuiteka dunia. DGC, tawi la kampuni ya Geffen, ilipoitoa tarehe 24 Septemba 1991 ilisambaza nakala zipatazo 46,000 tu Marekani nzima. Huo si mpango wa kuteka kitu. Nakala ziliisha madukani, video ya Smells Like Teen Spirit ikachezwa kwenye televisheni ya muziki ya MTV usiku na mchana, na Januari 1992 albamu ilimng'oa Michael Jackson na Dangerous yake kwenye nafasi ya kwanza ya Billboard, orodha ya mauzo ya Marekani. Hadi leo imeuzwa zaidi ya nakala milioni 30 duniani. Kampuni iliyafuata mafanikio hayo kwa mbio, haikuyapika.

Dhana ya pili ina ukweli nusu: kwamba imeng'arishwa. Ndiyo, imeng'arishwa, na waliofanya hivyo wanajulikana. Prodyuza alikuwa Butch Vig, na rekodi zilifanyika Mei na Juni 1991 katika studio ya Sound City, Van Nuys, California. Vig alikuwa mvumilivu na mjanja. Cobain alichukia kurekodi sauti yake mara mbili ili zipangwe moja juu ya nyingine, akiona ni udanganyifu, hadi Vig alipomwambia kwamba Lennon alifanya hivyo. Akakubali. Kisha kanda zikapelekwa kwa mtu mwingine, Andy Wallace, aliyekuwa amefanya kazi na bendi ya hevi meto ya Slayer, akazimiksi. Ule mwangwi mpana wa dramu na magitaa yanayojaza chumba kizima ni mkono wake Wallace. Cobain baadaye aliona haya. Alisema albamu imekaribia zaidi rekodi ya Mötley Crüe, bendi ya wale wanaroki wa Los Angeles wa nywele za dawa, kuliko rekodi ya panki, na kwa mtu wa mji wake hilo lilikuwa tusi kubwa.

Hapa ndipo matoleo ya maadhimisho yanapofaa. Toleo kubwa la 2011 lina miksi za Vig mwenyewe, zile za kabla ya Wallace, zinazoitwa Devonshire Mixes kwa jina la studio zilikofanyiwa. Zisikilize. Dramu ni kavu, gitaa liko karibu na sikio, makali yapo. Nyimbo ni zilezile na utamu wake ni uleule. Anayedai Nevermind ni tamu kwa sababu ya kung'arishwa anapata jibu lake pale: utamu ulikuwemo toka chumbani kwa Cobain. Wallace aliuwekea taa.

Jambo jingine lililobadilika ni dramu. Dave Grohl aliingia bendini mwaka 1990. Channing alikuwa mpigaji mzuri mwenye mkono mwepesi. Grohl anapiga kama anayetaka kuvunja kitu, na hata hivyo hakosi mahali pake. Sikiliza mapigo yale machache kabla Teen Spirit haijalipuka. Ni mafupi, hayana madoido, na wimbo usingesimama bila hayo. Wimbo wa Polly tu ndio uliobaki kutoka kikao cha Aprili 1990 na Vig huko Madison, Wisconsin, kwa hiyo matoazi unayoyasikia mle ni ya Channing, ingawa kwenye jalada hakutajwa. Nadhani hakutendewa haki.

Anayeiita albamu hii bidhaa nampeleka kwenye wimbo wake wa mwisho, Something in the Way. Walijaribu kuurekodi kama nyimbo nyingine, wakiwa wote ndani ya chumba cha kupigia, haukukubali. Cobain akaingia chumba cha mitambo, akajilaza kwenye kochi, akaupiga pale pale kwa gitaa la mkono lisilokaa sawa kwenye tuni, akiimba kwa kunong'ona kiasi kwamba Vig alizima feni na simu ili maikrofoni isinase kingine. Ilibidi besi na dramu vije kufuatishwa juu ya gitaa lile bovu, na Grohl, mtu wa kupiga kwa nguvu, akalazimika kujizuia kupita kawaida yake. Selo iliongezwa mwishoni. Ukisikiliza kwa makini utasikia midomo ikigusana. Hiyo nayo ni Nevermind, kwenye diski ileile ya Teen Spirit.

Na kama programu yako inakuonyesha nyimbo 13 badala ya 12, usishangae. Endless, Nameless ilifichwa baada ya ukimya wa dakika kama kumi mwishoni mwa diski, na nakala za mwanzo kabisa hazikuwa nayo kwa makosa ya kiwandani.

Incesticide naipitia haraka. Ni mkusanyiko wa nyimbo za upande wa pili wa santuri, vikao vya redio ya BBC na majaribio ya zamani, wapiga dramu wakiwa wanne tofauti. Haina umoja, na haikudai kuwa nao. Lakini ina Sliver, ina Aneurysm, ambayo kwangu ni miongoni mwa nyimbo tano bora za bendi hii, na jalada lake alilichora Cobain kwa mkono wake.

In Utero ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo iliyosingiziwa kuliko zote.

Baada ya mamilioni ya Nevermind, bendi ilimtaka mtu asiyeng'arisha. Wakampata Steve Albini wa Chicago, mtu mwenye misimamo. Hakupenda kuitwa prodyuza. Alitaka iandikwe tu kwamba alirekodi. Kwenye barua aliyowaandikia kabla ya kazi alikataa mrabaha, akisema anataka alipwe kama fundi bomba, yaani kazi ikiisha alipwe, basi. Alichukua dola 100,000 na kuacha asilimia ambazo zingempa pesa nyingi zaidi hadi alipofariki Mei 2024, na baada yake pia. Februari 1993 walikwenda studio ya Pachyderm, katika mji mdogo wa Cannon Falls, Minnesota, theluji nje, wakamaliza kurekodi na kumiksi kwa takriban wiki mbili.

Mbinu ya Albini inaelezeka kirahisi: mrekodi anase watu wanapiga ndani ya chumba, na chumba nacho kisikike. Aliweka maikrofoni karibu na dramu, na nyingine akaziweka mbali ili zinase sauti ikiwa imezunguka chumbani. Mwanzo wa Scentless Apprentice ni dramu peke yake. Wekea spika nzuri, funga macho, utaweza kukadiria ukubwa wa chumba. Sauti ya Cobain ameiacha katikati ya vyombo badala ya kuipandisha juu, kwa hiyo inabidi uifuate, na akipiga kelele unasikia koo.

Watu wa kampuni hawakufurahi, na magazeti yakaandika kwamba albamu ilikuwa imekataliwa. Hapo ndipo uvumi ulipoanza na haujaisha: wengine husema kampuni iliifuta kazi ya Albini yote, wengine husema haikuguswa kabisa. Hakuna kati yao aliye sahihi. Bendi yenyewe ilianza kuwa na wasiwasi kwamba sauti ya mwimbaji na besi hazisikiki vya kutosha, sauti hizo zikainuliwa kidogo wakati wa matayarisho ya mwisho, na Scott Litt, aliyezoea kufanya kazi na bendi ya R.E.M., akamiksi upya nyimbo mbili, Heart-Shaped Box na All Apologies. Nyingine zote kwenye albamu iliyotoka Septemba 1993 ni miksi za Albini. Ilianza moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 2013 Albini aliimiksi upya nzima kwa ajili ya maadhimisho. Nimezisikiliza zote mbili sana na bado narudi kwenye ile ya 1993.

Uvumi mwingine unahusu wimbo wa Rape Me. Kuna waliodhani unashabikia ubakaji. Cobain alieleza mara nyingi kwamba ni kinyume chake: anayeimba ni aliyetendewa, akimwambia mtesaji wake kwamba hatavunjika. Maduka makubwa ya Marekani, Wal-Mart na Kmart, yalikataa kuiweka albamu kwenye rafu, na toleo lililobadilishwa jalada likatoka Machi 1994 jina la wimbo likiwa limegeuzwa kuwa Waif Me. Mashabiki wengi wanamlaumu Cobain kwa kukubali. Yeye alisema alipokuwa mdogo mji wake haukuwa na duka jingine la kununulia muziki. Mimi namwelewa.

Sasa ile hoja ya barua ya kuaga. Cobain alijiua Aprili 1994, akiwa na miaka 27, karibu miezi saba baada ya In Utero kutoka. Tangu hapo watu husikiliza albamu hii wakirudi nyuma kutoka kwenye kifo, kila mstari wakiufanya dalili. Zitazame tarehe. Dumb aliipiga redioni huko Olympia Septemba 1990, mwaka mmoja kabla ya Nevermind. All Apologies ilirekodiwa kwa majaribio Seattle siku ya mwaka mpya 1991. Pennyroyal Tea na Rape Me nazo zilikuwepo kabla umaarufu haujamfika. Nyimbo ambazo watu wanaziita kilio cha mtu aliyechoshwa na umaarufu alizitunga kijana ambaye hata hakuwa na uhakika wa kodi ya nyumba. Zilikaa kwenye daftari moja na zile za Nevermind. Kuna nyimbo za In Utero zinazozungumzia kweli umaarufu na magazeti, Serve the Servants ikiwa ya kwanza, na maumivu yake hayakuwa ya kubuni. Lakini kuifanya albamu nzima kuwa hati ya kifo ni kumnyang'anya mtu kazi yake ya miaka mitatu minne na kumwachia siku yake moja ya mwisho.

MTV Unplugged inasomwa vilevile kwa sababu ya maua ya yungiyungi na mishumaa, ambayo Cobain aliichagua mwenyewe. Ilirekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993 na kutoka baada ya kifo chake, ndiyo maana tunaisikia kama hitma. Mimi naisikia kama jibu la mabishano yote ya mitambo. Mkwaruzo umeondolewa. Kuna selo ya Lori Goldston, kuna gitaa la Pat Smear, na wimbo mmoja Novoselic ameshika akodioni, chombo ambacho masikio ya taarab ya Unguja hayahitaji kuelezwa. Kati ya nyimbo 14, sita ni za watu wengine, tatu zikiwa za bendi ya Meat Puppets waliopanda jukwaani kuzipiga pamoja nao, na Teen Spirit haimo. Wanafungua na About a Girl, ile ya dola 606. Imetolewa nguo zote za 1989 na imesimama wima. Pennyroyal Tea anaipiga peke yake, gitaa na sauti, na bado ina uzito wa ile ya Albini. Nyimbo ambazo zingekuwa zimebebwa na studio zisingeweza hilo.

Wimbo wa mwisho waliorekodi studio ni You Know You're Right, Januari 1994, uliokaa kabatini kwa ajili ya migogoro ya haki hadi mkusanyiko wa 2002 unaoitwa Nirvana tu. Mashabiki huutumia kubashiri albamu ya nne ingekuwaje. Unaanza kwa kunong'ona, unapasuka, unarudi chini, unapasuka tena. Ni muundo aliokuwa nao toka zamani, kwa hiyo haubashiri lolote, ila ni wimbo mkubwa.

Kwa anayeanza leo, ningemshauri aanze na Unplugged, kisha In Utero nzima bila kuruka, kwa spika na si kwa simu. Nevermind aifuate baada ya hapo, akiwa ameshazoea sauti ya mtu huyu bila poda. Teen Spirit itamshangaza upya. Bleach aisikilize hadi Love Buzz, kisha aamue mwenyewe kama anaendelea. Matoleo marefu ya maadhimisho ayaache kwanza, yatamzamisha. Akiyafikia, aanze na zile Devonshire Mixes za 2011, na katika hizo aanze na Lithium, aiweke sambamba na ya Wallace, moja sikio hili na nyingine sikio lile kama ana vifaa.